Mwaka Tulipomwacha Honorina Ziwani

Tulimzika mdogo wangu siku ya Ijumaa, kule Tshangalele, na Jumapili nilikuwa nimerudi kwangu Likasi nafua kitenge cha kilio. Wajukuu walikuwa uani. Shule zimefungwa, nyumba imejaa, na wao walikuwa wanapanga pikiniki ya familia: nani atabeba sufuria, nani atabeba muziki, nani atakumbuka chumvi. Yule mkubwa wa kike akaniuliza, "Kambo, mu vakansi ya zamani mulikuwa munaenda wapi?" Nikamwambia tulikwenda ziwani. "Munafanya nini kule?" Tunakula, tunaoga, tunacheka. "Ilikuwa raha?" Nikasema ndiyo, ilikuwa raha. Akarudi kwa wenzake mbio kuwaambia kwamba hata kambo alikuwa na raha siku moja. Mimi nikabaki na mikono katika beseni. Sikumdanganya yule mtoto. Ilikuwa raha, na katika maisha yangu yote sijacheka tena kama nilivyocheka yale majuma mawili. Kama tungekuwa na huzuni ningeweza kusamehe. Basi ninaandika, kwa mkono huu ambao haukusoma sana, na mtu asinisahihishe. Watoto wa Honorina watasoma hapa. Wasome.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minne na Honorina kumi na miwili. Tulikaa Shituru, hapa hapa Likasi, katika nyumba za kampuni, vyumba viwili na jiko la nje, karibu na kiwanda hivi kwamba mama hakuanika shuka nyeupe kabla ya kuangalia moshi unaelekea wapi. Mimi na Honorina tulilala kitanda kimoja. Yeye alilala upande wa ukuta kwa sababu alikuwa anaanguka, na usingizini alisema maneno ya shule, hesabu za kujumlisha, akimaliza anacheka. Mtoto wa kuchekacheka tu. Darasani alikuwa wa kwanza, na barua zikija nyumbani ni yeye aliyemsomea mama. Mimi nilisoma kwa shida, lakini mikono yangu ilijua kazi: kupika, kufua, kutwanga. Kwa hiyo mama alikwenda kuniandikisha kwa masista, shule ya kushona, nianze baada ya vakansi. Niliona cherehani zao kwa dirisha, nyeusi, zimepangwa mistari miwili, na wasichana wameinamisha vichwa kama wanasali. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine duniani. Nasema wazi ili muelewe niliyoyafanya. Sisemi ili munihurumie.

Baba alitangaza wakati wa kula, mkono bado katika bukari, ugali wetu. Kampuni ilikuwa imempa konji yake, yaani likizo, na miaka mingine konji alikuwa anaimaliza kwenye kiti chake mlangoni, akirekebisha redio iliyokuwa nzima. Akasema, "Mwaka huu hakuna kukaa ku nyumba kama kuku yenye kulalia mayai. Tunaenda kwa dada yangu ku maji. Majuma mbili! Tutalala mu majani, tutakula samaki mpaka mifupa itutoke mu masikio!" Honorina alisimama akaanza kucheza na sahani mkononi, mchuzi ukamwagika, na kwa mara ya kwanza mama hakumgombeza kwa kumwaga mchuzi. Alimwangalia tu. Alichukua kitambaa, akapangusa mwenyewe. Mimi niliona, lakini mtoto anaona vitu vingi ambavyo hana pa kuviweka.

Juma zima nyumba ilinuka vakansi. Mama alikaanga karanga, akatwanga nyingine unga. Alipika munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, akakiacha kichachuke kidogo katika ndoo iliyofunikwa, na Honorina alikuwa anaenda kuchungulia kila mara, anatoka na masharubu meupe na kusema hajaonja. Viazi vitamu viliwekwa katika gunia, miwa ikafungwa kamba. Na mama alinunua unga wa kikanda. Kwa msomaji ambaye si wa kwetu: kikanda kinatoka katika viazi vidogo vya porini, watu wanavichimba katika mabonde yenye maji, wanavikausha na kuvitwanga. Unapika unga wake pamoja na unga wa karanga, chumvi na pilipili, unakoroga mpaka mkono unauma, halafu unafunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko. Kikipoa kinakuwa kigumu, unakikata kwa kisu kama mkate, na kinalika kama nyama. Ndicho chakula chetu cha sikukuu za wakati wa baridi. Lakini hakishiki bila maji ya majivu. Unachoma maganda ya maharagwe, majivu yake unayaweka katika kopo lenye matundu, unamwagia maji, na yale yanayodondoka chini, ya rangi ya chai na ya kuteleza, ndiyo yanayokifunga kikanda. Mama alijaza chupa nzima.

Tulisafiri na kamyo, lori la Bwana Sefu, mfanyabiashara wa samaki, mtu wa Maniema, Mwislamu mwenye kofia nyeupe ambayo vumbi la njia ile halikuweza kuishinda. Aliimba tangu alipowasha mota. Alipoona mizigo yetu alishika kiuno. "Mama, unahama ao unaenda kutembea? Hii mizigo ni ya kupeleka bibi harusi!" Baba alicheka sana, akampiga begani. Mama alipanda nyuma, akamvuta Honorina akae kati ya magoti yake, ingawa nafasi ilikuwepo.

Shangazi Mwadi alikuwa dada mkubwa wa baba, yaya wake, kama tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa. Kwetu shangazi tunamwita pia baba mwanamke, na jina hilo si mchezo: neno lake ni neno la baba, tena baba mwenyewe hawezi kulipita. Alikuwa mrefu, mkavu, sauti yake ndogo, na hakuwa na mtoto. Aliwazika watatu kabla hawajatembea. Mumewe alikuwa mvuvi, mtu wa kimya ambaye alitusalimu kwa kutupa samaki hai miguuni kwetu na kuangalia tutafanya nini. Honorina alipiga kelele akapanda juu ya mgongo wa baba. Mimi nilimshika samaki kwa macho yake, kama mama alivyonifundisha, nikampiga juu ya jiwe. Shangazi alinitazama, akatikisa kichwa polepole. "Huyu iko na mikono," alisema. Nilifurahi. Nilikuwa napenda kusifiwa.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ndogo, basi baba alitujengea kibanda cha majani ufukoni, musasa, kama wanavyojenga wavuvi wanapohamia kwenye samaki. Alikijenga vibaya. Alikuwa mtu wa kiwanda, alijua vyuma, majani yalimcheka. Siku ya pili upepo ulitoka ziwani wakati tunakula viazi vya kuchoma, musasa mzima ukalala juu yetu taratibu kama ng'ombe aliyechoka, na kwa muda hatukuona kitu, tulisikia tu sauti ya baba chini ya majani: "Musiniambie kitu! Mutu asiniambie kitu!" Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Asubuhi baridi ilikuwa kali, ukungu umelala juu ya maji na ile miti mikavu iliyosimama ndani tangu ziwa lijazwe ikitoka juu yake kama watu wanaosubiri. Tulikaa tumezunguka mbabula, jiko letu la makaa, blanketi moja kwa watu wanne, tukipitishana kikombe cha munkoyo. Jua likipanda tuliingia majini. Baba alilala chali juu ya maji na kofia usoni na kujifanya maiti, Honorina anamlilia kwa sauti ya wale mabibi wa kilio cha kanisani, "Yoo baba, umetuacha na nani, na redio haijatengenezwa!" Mama alifunga kitenge juu ya magoti na kucheza nasi mpira wa matambara. Sikujua kwamba mama anaweza kukimbia. Sikumwona akikimbia tena.

Siku ya tano, mchana, wakati watu wazima wanalala na watoto wanatakiwa wawe majini, nilirudi kuchukua sabuni. Walikuwa wamekaa upande wa pili wa ukuta wa majani, shangazi, baba na mama. Nilisikia jina langu nikasimama.

"Mukubwa njo namutaka," alisema shangazi. "Tereza. Iko na mikono. Ule mudogo anachekacheka tu."

"Mukubwa alisha kuandikwa kwa bamasista," mama alisema. "Ataanza kushona."

"Kushona! Na huku njo tunatembeaka uchi?"

Baba alikohoa. "Batoto ni bako, yaya. Minye siwezi kukukatalia. Uliniomba tangu zamani, nilikubali, na leo tuko hapa. Lakini mama yao analia kila siku. Nikisema huyu, analia. Nikisema ule, analia."

"Basi musichague," alisema shangazi. "Kikanda itachagua. Kwetu mama-mukwe anaangaliaka vile. Kesho kila mutoto apike yake. Yenye kushika, mwenye kuipika njo atabaki na minye."

Nilisikia nzi. Halafu mama akasema, na sauti yake naisikia mpaka leo nikiinama kuwasha moto, "Musibaambie. Baache bacheze kwanza."

Nilirudi majini bila sabuni. Honorina aliniuliza sabuni iko wapi, nikamwambia nimeisahau, akanirushia maji usoni akisema, "Yaya, kichwa yako iko na matundu!" Nilimrushia na mimi. Tulicheza mpaka vidole vikakunjamana. Ninapokumbuka mchana ule sikumbuki kama niliwaza. Watu wanadhani mtu mbaya anakaa chini, anapanga. Mimi nilikuwa nacheza na mdogo wangu na ndani yangu jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Kikanda changu kilikuwa kinashika siku zote. Cha Honorina mara kinashika, mara hakishiki, kwa sababu alichoka kukoroga na kuanza hadithi. Kama kesho ingekwenda kama siku nyingine zote, ni mimi niliyekuwa nabaki ufukoni ule na cherehani ninaziacha dirishani.

Kesho yake majiko mawili ya mafiga yaliwashwa ufukoni na mama akatupimia vitu kwa usawa: unga wa kikanda, unga wa karanga, chumvi, pilipili, na kila mmoja kikombe cha maji ya majivu. Walituambia ni mashindano ya vakansi. Baba alikuwa anatangaza kama mtu wa redio: "Na sasa, mabibi na mabwana, Tereza wa Shituru anakoroga! Honorina wa Shituru anaongea!" Majirani walikuja kuangalia, wamekaa juu ya mitumbwi iliyogeuzwa, wanatafuna miwa na kuchagua upande. Honorina alishika mwiko kwa mikono miwili, ulimi nje, jasho linamtiririka katika baridi ile. Hakuanza hadithi hata moja. Sijui nani alimwambia anyamaze siku ile. Pengine aliona tu kwamba watu wanamwangalia. Mimi nilingoja mpaka baba awachekeshe, nikamwaga kikombe changu mchangani nyuma ya figa, nikachota maji ya ziwa, nikatia chembe ya udongo ili rangi ifanane. Halafu nikakoroga kwa nguvu zangu zote. Nilikoroga vizuri sana. Mtu yeyote angesema, angalieni yule msichana anavyojua kazi.

Tulifunika, tukaweka makaa, tukangoja vipoe. Mama hakukaa. Alikuwa anakunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa. Shangazi alifunua cha Honorina kwanza. Alipitisha kisu, akatoa kipande, akakiweka juu ya kiganja na kukitikisa, kipande kikakaa. Watu wakapiga makofi. Halafu akafunua changu. Kisu kiliingia na kutoka kimepakwa, na kile kitu kikarudi kujifunga chenyewe kama tope. Baba alikuwa wa kwanza kucheka. "Leta bijiko! Leo tunakunywa kikanda! Tereza anatupikia kama bagonjwa ba hospitali!" Wote walicheka, na mimi nilicheka, nilicheka kuliko wote. Baba alimbeba Honorina juu ya mabega, akaingia naye majini na viatu vyake miguuni, akizunguka na kupiga kelele, "Mupishi ya baba! Mupishi ya baba!" na yeye juu kule ameinua mikono miwili, meno yote nje. Nilikuwa nimemshinda katika kila kitu cha nyumbani tangu azaliwe, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Shangazi alichovya kidole katika sufuria yangu, akalamba. Aliniangalia kwa muda. Alilamba tena. Halafu akamwambia mama, si kwa sauti ya kushangaa, "Mudogo ananifaa," na akaenda kuosha kisu. Alijua nini? Alikufa miaka mingi iliyopita na hakuniambia. Kuna siku nafikiri alionja hila yangu na kusema moyoni, huyu simtaki nyumbani kwangu.

Zilibaki siku nane. Ndizo zinazonifanya niwaonee wivu watu wengine, wale ambao siku zao nzuri na siku zao mbaya zimekaa mbalimbali. Zangu zote zimo humo. Honorina alipika kila siku kwa sababu sasa alikuwa mpishi, akaunguza samaki, akatia chumvi mara mbili, na baba alikula vyote na kulamba vidole. Alitembea na shangazi, akambebea kikapu, akamwimbia nyimbo za shule. Nilimsikia shangazi akicheka, kicheko kilichokaa muda mrefu bila kutumika, kikitoka kwa kukwaruza. Nilijiambia, unaona, anampenda. Nilijiambia pia kwamba bado naweza kusema. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, na kila asubuhi kulikuwa na mpira, au viazi, au mtumbwi wa kwenda kuona ndege weupe upande wa matete, na Honorina ananivuta mkono, "Yaya, kuya! Kuya basi!" Nilikwenda. Nilicheka. Siku moja tulitega wavu wa watoto, tukakamata kiatu, baba akakipika kweli katika sufuria na kutukaribisha mezani. Hebu niambieni mtu anafanya nini na kumbukumbu ya namna hiyo.

Siku ya kuondoka Bwana Sefu alifika mapema. Desturi ilikuwa mtoto anayebaki asione kamyo ikiondoka. Walisema akiiona, moyo wake utaifuata na hatazoea. Shangazi alichukua kikapu. Mama aliniita nyuma ya musasa. Alikuwa amejifunga kitambaa chini mpaka kwenye nyusi. "Umuambie weye aende na shangazi ku nyavu," alisema. "Minye nikisema ataangalia macho yangu."

Nilikwenda. Honorina alikuwa anavaa sapatu zake miguuni. Nilimwambia, "Nenda na shangazi ku nyavu, mutuletee samaki ya njia. Tutakungoja."

"Musiniache, mm! Nabajua!"

"Nani atakuacha? Si weye njo mupishi?"

Alicheka, akanipiga kibao begani, akakimbia kumfuata shangazi, kitenge kinamfunguka kiunoni na yeye anakishika kwa mkono mmoja. Waliingia nyuma ya matete. Tulipanda. Bwana Sefu alituhesabu kwa macho, akauliza, "Mutoto mwingine iko wapi?" Baba akasema, "Twende tu." Yule mzee alivua kofia yake, akaishika kidogo, akaivaa tena. Akawasha mota. Mpaka Likasi hakuimba.

Nyumbani mama aliweka sahani nne. Aliweka nne siku ya pili pia, na ya tatu, na baba alikula akiangalia sahani yake. Mimi nilianza kulala upande wa ukuta ili nisiuone ukiwa wazi. Shule zilipofunguliwa mwalimu wa Honorina alikuja mpaka mlangoni, mtu mwembamba mwenye baiskeli, akauliza mwanafunzi wake wa kwanza yuko wapi. Baba alimwambia ameenda kwa shangazi yake. "Anarudi siku gani?" Baba alisema hawezi kujua. Mwalimu alisimama, mkono juu ya usukani, akasema, "Kule hakuna shule," akangoja kama mtu anayefikiri atajibiwa, halafu akaondoka akiivuta baiskeli bila kuipanda. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi shati jeupe la masista. Mvua zilianza, masuku yakaiva, yale matunda ya porini ya kahawia ambayo wanawake wanayaleta kwa beseni, na mama akanunua yetu, na mafungu mawili akayatenga kwa mazoea, langu na la Honorina. Fungu la pili lilikaa juu ya dirisha mpaka likaoza na nyuki wakaja. Hakuna aliyeligusa.

Na shule yenyewe? Nilisoma mwaka mmoja. Nilijifunza kushona mstari ulionyooka, kutia zipu na kukata kola. Kabla ya vakansi iliyofuata kifua cha baba kiliharibika, akarudishwa nyumbani, na mimi nikatolewa kwa masista kwenda kuuza mkaa na mama. Huo mwaka mmoja ndio nilioununua, na bei yake ilikuwa mdogo wangu. Honorina alikuja Likasi kwa kilio cha baba, tayari mkubwa, mikono yake imechanika kwa nyavu na chumvi. Nilimwambia alale kitandani petu. Alisema amezoea mkeka. Nilimpa barua za rambirambi awasomee wageni, kama zamani, akazigeuzageuza, akanirudishia. "Macho inaniuma," alisema. Hakuniuliza kitu siku ile wala mwaka wowote, na tulionana miaka mingi, kwa harusi, kwa vilio, kwa ubatizo wa wajukuu. Kila nilipokwenda ziwani nilikwenda na neno langu mdomoni, na kila mara nililirudisha.

Mwaka huu watoto wake walinipigia simu kwamba mama yao hali chakula tena. Nilipanda pikipiki, mimi bibi wa umri huu, nimemshika yule kijana kiunoni, na njia nzima nilikuwa nayarudia maneno. Nilikuwa nimeamua. Nisingeacha aende bila kujua ni nani aliyemuuza. Nilimkuta amelazwa juani kwenye mkeka, amekuwa mdogo tena, na wajukuu wake wamemzunguka wanachoma viazi, kwa sababu kule pia shule zilikuwa zimefungwa. Nilikaa. Nikasema, "Honorina, niko na neno." Lakini yeye alikwisha kuniona na uso wake ulifunguka, akawaita wale watoto wasogee.

"Mumuone huyu. Njo yaya yangu. Anajua kazi yote, huyu, hakuna mwanamuke anamufikia. Lakini minye nilimushinda. Mara moja."

"Kwa kitu gani, kambo?" aliuliza kasichana kamoja.

"Kwa kupika. Baba alikuwa na batoto babili, shangazi akaomba mumoja. Tukapika. Baba akanibeba juu, watu wote banaangalia." Alipumzika. Pumzi zake zilikuwa zinatoka mbali. "Bantu ba hapa, nikiwa mutoto, balikuwa bananicheka. Banasema, wazazi yako balikutupa. Nilikuwa nabajibu: hapana. Habakunitupa. Balinichagua. Nilikuwa muzuri kupita yaya, njo maana. Nimekaa na ile neno maisha yangu yote." Akanigeukia. "Si kweli, yaya? Baambie, basi. Banafikiri ninabadanganya."

Watoto wote waliniangalia. Neno langu lilikuwa pale pale mdomoni, na nililiona lilivyo: kwangu dawa, kwake kisu. Nikilisema mimi napona, na yeye anakuwa mtoto aliyetupwa, pale juani, siku mbili kabla ya kufa.

"Njo kweli," nikasema. "Alinishinda. Minye njo nilitaka kubaki huku na shangazi. Nililia njia yote mpaka Likasi."

Honorina alifumbua macho makubwa. Hili hakulijua. Alitoa mkono wake chini ya kitenge, mkavu, mwepesi, akaweka juu ya wangu na kuupapasa, kama mtu anavyombembeleza mtoto aliyekosa zamu yake.

"Pole, yaya," alisema. "Pole sana. Usinichukie."

Nikamwambia simchukii.